GUGU MAJI NA ASKARI WA DORIA

Gugu maji lilionekana katika Ziwa Kyoga mwaka 1988, wala halikukawia kufika Ziwa Viktoria. Asili yake ni Amerika ya Kusini, ambako wadudu wa huko hulila na kulizuia lisizidi kiasi. Watu ndio waliolivusha bahari kwa kupenda ua lake la rangi ya zambarau. Hapa kwetu halikumkuta mdudu wa kulila. Penye maji ya rutuba, eneo lililofunikwa na gugu hilo huweza kuongezeka maradufu kwa muda wa wiki mbili tu.

Wenye umri wanaikumbuka miaka ya 1990. Meli zilitatizwa bandarini Port Bell, mafundi wa umeme wa Owen Falls, panapoitwa leo Nalubaale, walihangaika na majani, na katika mialo mingi mvuvi aliamka akakuta mtumbwi wake umezingirwa. Chini ya zulia hilo la kijani hewa katika maji hupungua. Kambare na kamongo huvumilia. Ngege, ambaye huzalia katika ghuba za kina kifupi, hukimbia au hufa. Konokono wa kichocho hupata makao, na mbu vilevile. Mama anayengoja samaki wa kukausha hurudi nyumbani na kapu tupu, na karo ya watoto haipatikani.

Tunawaandikia askari wetu haya kwa sababu maalumu. Mwaka 2017 wanajeshi walipelekwa ziwani kuzuia uvuvi haramu. Kazi hiyo ilikuwa ya lazima, kwani nyavu za macho madogo zilikuwa zikiwamaliza sangara wachanga. Lakini yalisikika pia malalamiko ya wavuvi kupigwa na mitumbwi kuchomwa. Ni rai yetu kwamba askari wa doria, awe mwanajeshi au polisi, atambue hali ya mtu aliyefungiwa na gugu. Asiyeweza kupenya kwenda kilindini hushawishika kutega karibu na ufuko, mahali palipokatazwa. Sheria ni sheria, wala hatusemi aachwe. Tunasema kwamba mwalo ukifunguliwa mapema makosa hayo hupungua, na kwamba askari kumi wenye mapanga, wakishirikiana na wanakijiji asubuhi moja, watapata habari za wahalifu ambazo fimbo haijapata kuzileta.

Hata hivyo, mapanga peke yake hayatoshi. Mwaka 1995 wataalamu waliachia katika Ziwa Viktoria aina mbili za fukusi, maadui wa asili wa gugu hilo. Buu wake hutoboa shina, nalo gugu hudhoofika na kuzama. Kufikia mwisho wa 1998 lilikuwa limepungua mno. Wapo wanaosema mvua na mawimbi ya El Nino ndiyo yaliyosaidia. Hatuoni haja ya kubishana. Mbegu zilibaki matopeni, na Mto Kagera, unaokusanya maji ya Burundi, Rwanda na Tanzania, huleta mimea mingine pamoja na udongo wa mashamba.

Mwaka 2013 gugu la Kariba nalo liligunduliwa Kyoga. Kipande kidogo kilichonaswa kwenye pangaboi ya mashine chatosha kulihamisha. Makamanda hawana budi kuamuru kwamba kila boti inayohamishwa kwa lori kutoka ziwa moja hadi jingine isafishwe na kukaushwa kabla ya kupakiwa, na majani yake yatupwe nchi kavu, mbali na maji.