Sugu si Hukumu

Mkulima wa vitunguu wa Singida, ashikaye jembe msimu mzima, huota sugu kiganjani: ngozi iliyokuwa ngumu kwa kusuguliwa na mpini. Kutoka hapo lugha yetu ikapata "mwizi sugu", yaani mtu asiyerekebika, ambaye onyo wala kiboko havimwingii tena. Lakini na tukumbuke asili ya neno hili. Hakuna azaliwaye na sugu. Na jembe likiwekwa chini, ngozi hulainika. Hata Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yakataza kumhukumu kifungo aliye chini ya miaka 18. Basi wazazi na viongozi wa vijiji wasiharakishe kumwita kijana sugu. Kwanza wautazame mpini uliomsugua.