Sarafu ya gorila na alama yake ndogo

Wamama wenzetu, swali linarudi katika vikundi vyetu vya AVEC: je, akiba tuigeuze sarafu za fedha, zile zenye gorila? Wauzaji wanasema zenye alama ndogo pembeni ndizo zinapanda bei.

Alama hiyo ipo kweli. Kiwanda cha sarafu kinaongeza kapicha pembeni ya picha kubwa na kutoa chache tu. Kanada, kwenye sarafu yake ya jani, mwaka 1999 ilitia sungura, mnyama wa mwaka kwa Wachina. Uzito ulibaki uleule, gramu 31.1 za fedha safi. Wakusanyaji wa Ulaya na Marekani wanalipa zaidi kwa ajili ya kale kasungura, maana wanajuana na kuuziana wao kwa wao. Hapa Idjwi, au hata sokoni Kadutu, nani atakulipa hiyo ziada? Sonara anaweka kwenye mizani. Analipa uzito, basi.

Halafu tusome maandishi. Gorila tunamjua, ni jirani yetu wa Kahuzi-Biega. Lakini kuna sarafu ya gorila iliyoandikwa République du Congo: hiyo ni Brazzaville, si kwetu, na imeandikwa franka 5000 za CFA. Pesa ya sanduku ni ya mbegu, ya dawa, ya minerval. Ikiganda ndani ya kipande kisichouzika, mtoto anarudishwa nyumbani. Kwa hiyo tunasema wazi: pesa ya kikundi isiingie humo. Mwenye dola zake za ziada, ni shauri lake.

Kinachotuuma zaidi ni sarafu za bibi zinazotoka sandukuni kwa bei ya sabuni. Ile ya tembo ya 1944, franka 50 za Congo Belge, ina gramu 17.5, nusu yake fedha. Rupia ya Wajerumani, waliotawala Rwanda ng'ambo ya ziwa, ina gramu 11.66, karibu yote fedha. Kwenye zile za kuanzia 1904 tafuta herufi ndogo: A ni Berlin, J ni Hamburg. Mkusanyaji anauliza herufi na mwaka kwanza.

Usiisugue kwa majivu kama sufuria! Ule weusi wa zamani ukitoka, bei inashuka. Jaribu sumaku, fedha haishikwi. Ipime, andika mwaka na herufi, piga picha pande zote mbili, kabla mtu hajapanda nayo boti ya Bukavu.