NG'OMBE WA PILI ANGOJE KWANZA



Wengi wetu tunaofanya kazi Nairobi, Thika na Nakuru tuna ng'ombe mmoja au wawili nyumbani. Mshahara wa mjini ndio ununuao machicha na dawa ya kupe, na maziwa ndiyo yalipayo karo ya shule. Kwa hiyo shauri la wafugaji wadogo ni shauri letu pia.

Mabwana wanaokuja kufundisha maendeleo hupenda kusema: ongezeni ng'ombe. Lakini mwulize mwenye eka mbili huko Kiambu au Murang'a, naye atakujibu: nitamlisha nini? Ng'ombe mkubwa wa maziwa hutaka kiasi cha kilo 70 za majani mabichi ya nepia kila siku, na maji lita 60 au zaidi. Hiyo ni mitungi mitatu ya lita 20, na mara nyingi hubebwa mgongoni toka mtoni. Ng'ombe wawili wenye njaa hawamshindi mmoja aliyeshiba.

Wakulima hawa si wapinga maendeleo. Wakati wa ukoloni wengi wa wazee wetu walizuiwa kufuga ng'ombe wa gredi. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ulipofungua mlango, waliingia mbio, na leo sehemu kubwa ya maziwa ya Kenya yatoka kwa wakulima wadogo. Kazi wanaijua. Wanachotaka ni mambo matatu: maji karibu, lori lichukue maziwa ya jioni kama lichukuavyo ya asubuhi, na malipo yaje siku inayojulikana.

Hilo la tatu ndilo kubwa. KCC ya zamani ilipoanguka katika miaka ya 1990, wakulima wengi walibaki wakidai fedha za maziwa waliyokwisha kupeleka. Mtu aliyeumwa hivyo hawezi kukopa fedha za ng'ombe mwingine kwa ahadi tupu. Je, sisi tungekubali tajiri atulipe mwezi huu, mwezi ujao aturuke? Maziwa ni mshahara wa shamba.

Tena lipo neno la kuambiana sisi kwa sisi. Anayekamua alfajiri ni mama wa nyumbani, lakini mara nyingi jina lililo katika daftari la ushirika ni la mume aliye mjini. Tunaomdai tajiri haki tusiwe matajiri wabaya nyumbani kwetu. Ukienda likizo, fuatana naye mpaka ofisi ya ushirika, aandikwe uanachama, apate malipo kwa jina lake na kura yake katika mkutano mkuu. Yeye ndiye ajuaye shamba linataka nini.

Basi twasema: kwanza maji, lori na siku ya malipo. Yakipatikana hayo, ng'ombe wa pili atanunuliwa bila mtu kuhimizwa.