Asiyejua Maana Aambiwe Maana: Uhusianifu kwa Lugha Yetu

Wahenga walinena kwamba asiyejua maana haambiwi maana. Methali hii ina mahali pake katika mafumbo na malumbano ya washairi, lakini ikiingizwa darasani hugeuka kisingizio cha mwalimu mvivu. Hivi majuzi mwenzangu wa kitivo cha sayansi alinikejeli kwamba Kiswahili kinafaa kwa mashairi na hotuba, ila nadharia ya uhusianifu ya Albert Einstein haisemeki kwa lugha hii. Nilipomwomba anieleze nadharia hiyo kwa lugha yoyote aipendayo, alitaja mlinganyo mmoja mashuhuri, kisha akanyamaza. Makala haya yanashikilia kwamba kilichopungua pale si msamiati bali ufahamu.

Tuanze na jina lenyewe, maana ndilo linalowapotosha wengi. Wanaoanza hudhani Einstein alisema kwamba kila kitu hutegemea mtazamaji. Sivyo. Nadharia aliyoitoa mwaka 1905, akiwa mtumishi wa ofisi ya hataza mjini Bern, Uswisi, imesimama juu ya mambo mawili yasiyobadilika. Kwanza, kanuni za fizikia ni zile zile kwa wote wasafirio kwa mwendo mnyoofu usioongezeka wala kupungua. Pili, kasi ya nuru katika ombwe ni moja kwa wote hao: takriban kilomita 300,000 kwa sekunde.

Abiria akitembea kuelekea mbele kwa kilomita 5 kwa saa ndani ya garimoshi liendalo kilomita 100 kwa saa, aliyesimama stesheni atamwona akienda kilomita 105. Kwa mwendo wetu wa kawaida, hesabu hiyo yatosha. Sasa abiria huyo awashe kurunzi. Tungetarajia nuru yake iongezewe mwendo wa garimoshi, lakini haiongezewi. Wote wawili wakiipima watapata kasi ile ile.

Kutokana na hapo yafuata makubwa. Tuseme behewani mna vioo viwili, kimoja sakafuni na kingine darini, na mwali wa nuru unadunda baina yake mithili ya mpira. Kila mdundo ni pigo moja la saa. Abiria huuona mwali ukipanda na kushuka wima. Aliye stesheni huuona ukienda mshazari, kwa kuwa behewa linasonga mwali ukiwa njiani. Mshazari ni mrefu kuliko wima. Hilo analijua kila aliyesoma kanuni ya Pythagoras katika shule ya upili. Ikiwa njia imerefuka na kasi ya nuru haikuzidi, basi muda nao hauna budi kurefuka. Lau garimoshi lingefikia asilimia 60 ya kasi ya nuru, muda wa saa 5 kwa aliye stesheni ungekuwa saa 4 tu kwenye saa ya garimoshini. Abiria naye ana haki ya kusema kwamba saa ya stesheni ndiyo inayochelewa, kwani kwake yeye stesheni ndiyo inayosonga.

Yupo atakayesema kwamba Mswahili alilijua hili zamani, kwa kuwa saa moja yetu ya asubuhi ni saa saba ya Wazungu. Mfano huo unavutia, nami niliwahi kuutumia, lakini unapotosha. Hapo yanayotofautiana ni majina tu. Saa zenyewe zinakwenda sambamba. Mwenye kurahisisha elimu lazima ajue mfano wake unapokomea.

Wala haya si ndoto za wanazuoni. Saa za setilaiti zinazoongoza ramani za simu zetu huchelewa takriban mikrosekunde 7 kwa siku kwa sababu ya mwendo wake, na hutangulia takriban mikrosekunde 45 kwa kuwa huko juu nguvu ya mvutano wa dunia ni hafifu, kama ilivyobainisha nadharia ya jumla ya mwaka 1915. Tofauti ya mikrosekunde 38 isiporekebishwa, kosa la ramani lingeweza kukua kwa kilomita 10 hivi kila siku.

Tena tusijione wageni katika historia hii. Tarehe 12 Disemba 1970, setilaiti ya kwanza iliyoundwa mahususi kwa uchunguzi wa miale ya eksirei ya angani ilirushwa kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi. Kwa heshima ya sikukuu ya taifa letu iliitwa Uhuru. Uchunguzi wake wa Cygnus X-1 uliwasaidia wataalamu kukitambua kitu hicho kuwa shimo jeusi, na mashimo meusi ni zao la nadharia ile ile ya Einstein. Neno letu lilifika angani. Itakuwaje lishindwe kufika ubaoni?

Sisemi kwamba maneno yatachukua nafasi ya hisabati. Atakaye kuwa mwanafizikia sharti akokotoe. Lakini ukokotozi bila ufahamu ni kasuku kukariri dua. Tangu mwaka 2010 Katiba inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Urasmi huo utabaki karatasini iwapo sisi wanafunzi wa Kiswahili tutajifungia katika fasihi pekee. Tuketi na wenzetu wa sayansi, wao walete milinganyo, sisi tulete lugha, na tusiinuke mpaka pande zote zimeelewa. Asiyejua maana aambiwe maana, na aambiwe kwa lugha anayoielewa.