Mzee Anahitaji Kazi, Si Sukari Tu

Mara nyingi tunampelekea mzee kilo ya sukari, kisha tunamwacha na upweke wake. Hiyo ni huruma, haki bado. Mzee anahitaji kazi ya kufanya, nayo ipo. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru kutoka Engare Nanyuki. Mwaka 1952 Kirilo Japhet akafikisha kilio chao Umoja wa Mataifa. Waliokuwa watoto siku zile ndio wazee wetu wa leo. Nani mwingine atamweleza kijana anayetaka kuuza kihamba cha babu yake thamani ya ardhi? Kila jumuiya, Arusha mjini na mlimani Meru, iwatengee wazee siku ya kufundisha vijana, na iwatafutie usafiri.