Saa ya Kufika Si Saa ya Tukio

Wasee wa Garissa, leo nina neno na mafundi wa mitambo, pamoja na sisi tunaojifunza hiyo kazi.

Simu yako imezima chaji saa nne asubuhi. Unaiwasha saa kumi, ujumbe wa M-Pesa unaingia: umetumiwa pesa saa tano. Pesa iliingia lini? Saa tano, bana!

Sasa mbona kwenye seva za data za mitambo tunakubali jibu la saa kumi? Fikiria kituo cha sola kama hiki chetu cha megawati 50, kilichozinduliwa 2019. Inveta ni nyingi, zote zinatuma data. Mtandao ukikatika dakika kumi, vifaa vinaweka matukio, kisha vinayatuma kwa mkupuo. Seva iliyopangwa kutumia saa yake yenyewe itayapiga yote muhuri wa saa ya kufika. Hitilafu kumi zilizofuatana zitaonekana zimetokea pamoja. Ipi ilianza? Hujui. Atakayelaumiwa ni kijana wa zamu, na hana ushahidi wa kujitetea.

Usiniambie ni kitu kidogo. Tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima. Kenya Power ilitaja kupotea kwa umeme wa upepo wa Lake Turkana. Wenye mitambo ya upepo wakajibu kwamba walizimika kwa sababu volteji ya gridi ilipanda. Nani alitangulia? Bishano kama hilo halimalizwi kwa mdomo. Linataka milisekunde.

Najua mtasema saa ya kifaa inaweza kupotea. Kweli kabisa. Basi irekebisheni kwa GPS, msiifute. Kiwango cha OPC UA kinaweza kubeba saa mbili, ya chanzo na ya seva. Hifadhini zote mbili.

Tena kwa UTC. Saa nane mchana ya mama sokoni ni 14:00 kwenye simu yako, na ni 11:00 UTC. Zote sawa, ila seva isiposema inatumia ipi, umeshapotea masaa matatu.

Kabla hujaondoka kwenye mtambo wowote, fungua mipangilio uulize: hii saa ni ya nani? Ukikosa jibu, walai, hiyo si rekodi. Ni porojo yenye tarehe.