Mtoto Hukimbia kwa Lugha Anayoielewa

Mwanaisimu akianza kuzungumzia mafuriko, msomaji ana haki ya kuuliza: kulikoni? Nitajieleza.

Tarehe 26 Desemba 2004, tetemeko la ardhi lilitokea chini ya bahari karibu na Sumatra, Indonesia. Mawimbi ya tsunami yaliyofuata yaliwaua zaidi ya watu 200,000, na yalifika hata pwani yetu. Lakini katika kisiwa cha Simeulue, kilichokuwa jirani kabisa na chanzo cha tetemeko hilo, kati ya wakazi wapatao 78,000 walifariki saba tu. Hawakuwa na king'ora. Walikuwa na neno: smong. Neno hilo lilirithiwa kutokana na gharika ya mwaka 1907, na wazee walilitia katika hadithi na nyimbo za kubembelezea watoto: ardhi ikitikisika kwa nguvu, kisha maji yakirudi nyuma ghafla, usikimbilie kuokota samaki; kimbilia mlimani. Sisi wanaisimu tungeliita nomino. Kwao lilikuwa amri.

Nasi je? Majuzi nilimwuliza mpwa wangu, mwanafunzi wa shule ya msingi ambaye kwao ni Budalang'i, mafuriko ni nini. Alikariri maana yake kwa Kiingereza bila kukosea hata neno moja. Nikamwuliza: Mto Nzoia ukivunja kingo usiku, utakimbilia wapi? Akanyamaza. Simlaumu, wala simlaumu mwalimu wake, ambaye naye hupimwa kwa mtihani.

Kwa miaka mingi sera yetu ya elimu imeruhusu lugha ya mama katika madarasa ya chini. Hapo ndipo pa kuanzia. Mwalimu awaulize wazee neno walitumialo maji yanapopanda, alitungie wimbo, kisha awatoe watoto darasani wautembee wimbo huo hadi palipoinuka. Budalang'i ni tambarare. Palipoinuka si karibu, na ndiyo sababu njia ijulikane mapema. Mwenzake wa Pokot Magharibi, ambako maporomoko ya ardhi yaliwafukia watu Novemba 2019, atafute neno la mlima unaoanza kupasuka.

Nitaambiwa kwamba mtaala umejaa. Ni kweli umejaa, tena pomoni, lakini wimbo wa dakika tatu hausubiri kitabu wala idhini ya wizara.

Likizo ijayo, mimi na mpwa wangu tutaitembea njia ya kutoka kwao na kuhesabu dakika. Neno, bibi yake ameahidi kutupa.